Je, katuni ya Tom na Jerry inafaa kufundishia muziki wa Liszt?

Mwalimu wa Kinanda, Sinza

Salaam wanajukwaa. Nafundisha kinanda watoto wa umri wa miaka 8 hadi 12, wengi wao wakitokea katika kwaya za makanisa, na sasa nataka kuwaingiza katika muziki wa klasiki wa Ulaya. Nimefikiria kuanza na The Cat Concerto, filamu fupi ya mwaka 1947 ambamo paka Tom anapiga Rapsodia ya Kihungaria Namba 2 ya mtunzi Franz Liszt mbele ya hadhira, huku panya Jerry, aliyekuwa amejilalia ndani ya piano, akimvuruga mwanzo hadi mwisho. Hofu yangu ni kwamba watoto watafuata ugomvi na muziki utawapita. Wanaoifahamu vizuri naomba wanieleze kama kuna cha kufundishia humo zaidi ya kicheko.

Fidla wa Upanga

Mwalimu, itumie bila wasiwasi, kwa sababu ugomvi huo umejengwa juu ya umbo la muziki wenyewe. Rapsodia ile ina sehemu mbili: lassan, iliyo ya polepole na yenye uzito, na friska, inayoanza kwa sauti ndogo kisha ikaongeza kasi mpaka mpigaji anakosa pumzi. Wakati wa lassan Tom amekaa kwa majivuno ndani ya koti lake refu, anagusa sauti chache kwa madaha, na kero za Jerry bado ni ndogondogo. Friska inaposhika kasi, nayo mapambano yanapamba moto, hadi Tom anapiga kwa miguu kwa kuwa mikono inamwinda panya. Mtoto aliyefuata kisa hicho ameshaufuata mpangilio wa utunzi hata kama hajui jina la sehemu yoyote.

Jambo la pili ni nyundo za ndani ya piano. Watoto wengi hapa Dar hujifunzia kinanda cha umeme, ambacho hakina nyundo wala nyuzi, na piano halisi chache tulizonazo hupoteza sauti upesi kwa sababu unyevu wa pwani huvimbisha mbao zake. Katika filamu hii kamera inaingia ndani ya piano: Tom anabonyeza kibao, nyundo inainuka kugonga waya, na Jerry aliyelala juu yake anarushwa. Simamisha picha hapo na uwaeleze. Sijaona njia nyepesi zaidi ya kumwonyesha mtoto kwamba piano ni chombo cha kugongwa.

Zingatia pia kwamba hakuna anayesema neno hata moja. Waongozaji, William Hanna na Joseph Barbera, pamoja na Scott Bradley aliyesimamia muziki, waliiachia piano kazi yote ya kusimulia, na katika filamu inayopitisha picha 24 kwa sekunde, kidole cha Tom kikichelewa kidogo tu nyuma ya muziki jicho linang'amua.

Mkongwe wa Kwaya, Kigamboni

Nakubaliana na ndugu wa Upanga, ila ninalo angalizo moja zito. Muziki wa filamu ile umefupishwa ili uingie katika dakika 7 na ushee, na katikati Jerry anachepusha wimbo kwa kuchezacheza juu ya nyundo, ukasikika muziki wa Kimarekani kuhusu garimoshi, ambao Liszt, aliyetunga rapsodia hiyo mwaka 1847, hakuujua kabisa. Si haki mtoto aondoke akiamini kwamba amesikia kazi nzima. Mwalimu, wasikilizishe kwanza rekodi kamili bila picha yoyote, hata kama watachoka kidogo.

Msikilizaji wa Mbezi

Naongeza kwamba mwishoni mwa mwaka 1946 studio ya Warner Bros. ilitoa Rhapsody Rabbit ya Friz Freleng, ambamo sungura Bugs Bunny anapiga rapsodia hiyohiyo na kusumbuliwa na panya. Kufanana huko kulizua shutuma za kuibiana wazo kati ya studio hiyo na ile iliyotengeneza Tom na Jerry, na tuzo ya Oscar ikaenda kwa Tom na Jerry, ikiwa ya nne kwao mfululizo. Kwa darasa, ningeonyesha zote mbili.

Mwalimu wa Kinanda, Sinza

Nawashukuru sana. Mzee wa Kigamboni, nimelipokea angalizo lako: rekodi kamili itatangulia, na filamu itafuata katika kipindi kingine, ambapo watoto watainua mkono pale wanapodhani friska imeanza, na tena pale wanaposikia muziki ambao si wa Liszt. Ile ya sungura nitaiweka baadaye, kwa wale wakubwa. Ndugu wa Upanga, kama unafahamu mahali hapa jijini ambapo watoto wanaweza kuruhusiwa kufunuliwa piano halisi na kutazama nyundo zikifanya kazi, tafadhali andika hapahapa.