Python: isinstance inakataa mwanachama ilhali klasi ni ileile

Kikoba_Moro

Wakuu, salaam. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba chao hapa Morogoro, wanachama 28, hisa moja shilingi 5,000. Daftari lilikuwa linazua maneno kila msimu wa kugawana, nikamtengenezea programu ndogo ya Python. Mafaili mawili, folda moja. Nimeyapunguza yabaki ya muhimu:

```python
# kikoba.py
print("Naanza")
import ripoti

class Mwanachama:
    wote = []
    def __init__(self, jina, hisa):
        self.jina = jina
        self.hisa = hisa
        Mwanachama.wote.append(self)

if __name__ == "__main__":
    m = Mwanachama("Bi Asha", 6)
    ripoti.andika(m)
```

```python
# ripoti.py
from kikoba import Mwanachama

def andika(m):
    if not isinstance(m, Mwanachama):
        raise TypeError("Huyu si mwanachama")
    print(m.jina, m.hisa * 5000)
    print("Jumla:", len(Mwanachama.wote))
```

Nikiendesha `python kikoba.py` naambiwa Bi Asha si mwanachama. Bi Asha ndiye mwenyekiti! Nimechapisha `type(m).__name__` na `Mwanachama.__name__`, zote mbili zinasema Mwanachama. Nikiiondoa hiyo isinstance (inayokagua kama kitu ni cha klasi fulani), jina na fedha vinatoka sawa ila jumla inasema 0. Halafu "Naanza" inatokea mara mbili. Chuoni tulisoma Java, sijawahi kukutana na kitu hiki. Tatizo liko wapi?

kijana_wa_kodi

Mkuu usijitese. Toa isinstance, linganisha jina tu: `type(m).__name__ == "Mwanachama"`. Kazi iendelee.

Mwl_Tanga

Ushauri wa hapo juu uache. Erori itanyamaza, jumla itabaki 0, na siku ya kugawana sijui utamwambia nini mama.

Hapo unazo klasi mbili, yaani violezo viwili vya kutengenezea wanachama. Ndani ya `andika`, chapisha `type(m)` yote, usikate jina, kisha chapisha `Mwanachama`. Utaona `<class '__main__.Mwanachama'>` na `<class 'kikoba.Mwanachama'>`. Ulichokuwa unakitazama, `__name__`, ni jina la kwanza tu. Ukoo, yaani moduli (faili la Python) ilikozaliwa klasi, uko kwenye `__module__`.

Zimezaliwaje mbili? Faili unalolianzisha wewe kutoka terminali, Python hailisajili kwa jina la faili. Ndani ya `sys.modules`, ambayo ni kamusi ya moduli zote zilizokwisha pakiwa, linaandikwa `__main__`. Sasa fuatana nami. `__main__` inachapisha "Naanza", inaiita `ripoti`. `ripoti` inataka kitu kutoka `kikoba`. Python inatafuta `kikoba` kwenye `sys.modules`, haipo, kwa hiyo inalisoma faili lilelile upya kuanzia mstari wa kwanza. Hiyo ndiyo "Naanza" ya pili. Safari hii `__name__` ni `"kikoba"`, ndiyo maana ile sehemu ya chini haikujirudia. Bila ile `if` ungeona vioja zaidi.

Na hapa ndipo Java inapokudanganya. Kwenye Python, `class` si tangazo, ni amri inayotekelezwa kama amri nyingine. Kila inapopitiwa, mwili wake unaendeshwa, majina yaliyopatikana humo yanawekwa kwenye `__dict__` ya klasi mpya, kisha jina `Mwanachama` linafungwa kwenye klasi hiyo ndani ya moduli inayohusika. Imepitiwa mara mbili, ikazaa klasi mbili na orodha mbili za `wote`. Ni kama daftari la kikoba limetolewa nakala likiwa bado tupu: Bi Asha kaandikwa kwenye moja, ripoti inahesabu kwenye jingine. `isinstance` haiangalii maandishi ya jina, inaangalia klasi yenyewe na wazazi wake.

Vijana ninaowapokea mafunzoni wanakwama hapa sana, na karibu wote wanaanza kuilaumu `isinstance`.

pwani_dev

Mwalimu kaeleza vizuri. Nyongeza: endesha kwa `python -m kikoba`, hapo Python inalijua kama moduli, itaisha.

Mwl_Tanga

Hapana ndugu yangu, haitaisha. `-m` inabadilisha namna ya kulitafuta faili, lakini likianza kuendeshwa `__name__` bado ni `"__main__"`. Jaribu uone, "Naanza" zitakuwa mbili vilevile.

Dawa ni kwamba faili la kuanzishia lisiimpotiwe na mtu yeyote. Klasi zihamie `modeli.py`. `ripoti.py` iseme `from modeli import Mwanachama`. Kisha `anza.py`, ambayo inaziimpoti zote mbili na kubeba ile `if` ya mwisho. `modeli` itasomwa mara moja, na wote watapewa ileile iliyomo kwenye `sys.modules`.

Ukiwa humo humo, iondoe na `wote` kwenye klasi. Mama akijiunga na kikoba cha pili, wanachama wa vikoba vyote viwili wataangukia orodha moja. Tengeneza klasi `Kikoba` yenye `self.wanachama = []` ndani ya `__init__`, kila kikoba kiwe na orodha yake.

Kikoba_Moro

Mwalimu shikamoo. Nimegawa kama ulivyosema, Bi Asha kakubaliwa na jumla iko sawa. Ila kumezuka jingine. Orodha ya wanachama nilikuwa nimeihifadhi kwa pickle, ile njia ya Python ya kuhifadhi vitu kwenye faili, `wanachama.pkl`. Nikiisoma kutoka `anza.py` inasema `Can't get attribute 'Mwanachama' on <module '__main__' ...>`. Ndiyo nimepoteza data ya mama?

Mwl_Tanga

Marahaba. Data ipo. Pickle haihifadhi klasi, inahifadhi anwani yake tu, na ulipohifadhi anwani ilikuwa `__main__.Mwanachama`. Sasa `__main__` yako ni `anza.py`, na nadhani humo umeandika `import modeli` peke yake, kwa hiyo jina `Mwanachama` halimo. Kwanza nakili hilo faili pembeni. Kisha juu ya `anza.py` weka:

```python
from modeli import Mwanachama
```

Likisomeka, lihifadhi tena papo hapo. Safari hii litaandikwa `modeli.Mwanachama`. Angalizo: kwa kawaida pickle ikirudisha wanachama haipiti kwenye `__init__`, kwa hiyo usitegemee wajiandikishe wenyewe. Wanachama uliowasoma watie kwenye `self.wanachama` kwa mkono wako.

pwani_dev

Nimeijaribu `-m`, kweli "Naanza" mbili. Kikoba_Moro, kwa watu 28 hamia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja; moduli yake `sqlite3` inakuja na Python yenyewe, na ukihamisha klasi tena mwakani faili halitajali.

Kikoba_Moro

Imesoma! Wote 28 wamo. SQLite nitaigusa msimu huu wa kugawana ukipita, sasa hivi mama anataka ripoti ya Jumamosi.