Msaada: mtoto kila kitu anaita duara au mraba, nimfundisheje?

BabaTunu
Wakuu habari za jioni. Nina binti, nimekwama. Mpira anasema duara. Kopo la maziwa, duara. Boksi la viatu, mraba. Nimemchorea tufe (umbo la mpira), mcheduara (umbo la kopo) na mchemraba hadi daftari linaisha, hashiki. Hata usingizi siupati. Wajuzi naombeni njia.

Kigoda
Ana umri gani?

BabaTunu
Bado mdogo. Mimi nauliza njia ya kufundishia.

Mama Wawili
Sisi tulisoma kwa vizibo vya soda, fimbo iko mezani. Wazazi wa siku hizi mna presha. Wangu wa kwanza alichelewa hata kuongea, leo anachomelea mageti Mbagala na mwisho wa mwezi simu yangu inalia, hela imeingia.

Mwalimu Mstaafu
Binti anataja uso anaouona, na yuko sahihi. Achana na daftari: mchemraba uliochorwa ni mistari tu, hata sisi tulizoeshwa kuusoma. Likandamize kopo kwenye mchanga mbichi, linaacha duara. Lilaze, lisukume, linabingirika. Mpira unaacha shimo kama bakuli, na hausimami popote. Kisha nenda naye dukani sabuni ya mche ikikatwa. Mche mzima ni mche mstatili. Kipande chenye urefu, upana na kimo sawa ni mchemraba. Ahesabu nyuso 6 kwa kidole, kingo 12 zisubiri. Karanga za kufungwa kwenye karatasi zina umbo la pia, yaani koni.

Dogo Janja wa Tandale
Hilo la karanga nilipata mia kwa mia 😂

Kigoda
Umri, mkuu. Bado hujajibu.

BabaTunu
Minne kasoro. Kuna usaili wa shule ya mchepuo wa Kiingereza, fomu nimeshalipia. Msianze. Mtoto asiye na msingi siku hizi anaachwa. Na seremala ameshaanza seti ya maumbo, mninga mtupu, kwa hiyo mambo ya sabuni na karanga tumeshayavuka.

Mama Wawili
Usaili! Mtoto kupenga kamasi hajajua! Mungu atatuuliza jamani.

Mwalimu Mstaafu
Mbao si mbaya. Mjerumani Friedrich Froebel, mwanzilishi wa chekechea, karne ya 19 alitengeneza tufe, mcheduara na mchemraba vya mbao. Ukiuning'iniza mchemraba kwa uzi katikati ya uso mmoja na kuuzungusha kasi, macho yanaona mcheduara. Lakini aliwaacha watoto wavichezee. Wewe unataka akariri majina.

Chungulia
Ngojeni kwanza. Huyu mwaka jana kwenye uzi wa wenye nyumba alisema hana mtoto. Na kuna uzi wake mwingine anatafuta mashine ya kukereza mbao. Wakuu, seremala ni yeye. Kesho mtaona picha na namba ya simu.

BabaTunu
Ni wa dada yangu, nakaa naye, kwangu ni mwanangu. Mashine haihusiani.

Kigoda
Kwa hiyo fomu umelipia wewe au dada?

Dogo Janja wa Tandale
Tuache hayo, seti bei gani?

BabaTunu
Njoo PM mkuu.

Chungulia
😂😂😂

Mama Wawili
Na mikoani mnatuma?