Tupeane uzoefu: barkodi ya posta ilikutoa jasho kwa sababu ya kimo?

Mtu wa Bahasha: Wakuu salaam. Niko Marekani, chumba cha barua cha kampuni fulani, nachapa ankara kutoka programu ya uhasibu. Juzi mzigo wote umerudi: mashine ya posta haisomi barkodi, vile vijiti vinavyokaa na anwani. Kwa macho ziko safi kabisa! Nikachukua rula, milimita 3. Posta ya huku inataka inchi 0.125 hadi 0.165, yaani 3.2 mpaka 4.2 hivi. Nusu siku nimehangaika na kiolezo, kumbe kwenye dirisha la kuchapa kuna tiki ya kupunguza ukurasa utoshe karatasi. Printa inamega kimyakimya. Wenzangu yaliwakuta yapi?

Dada wa Lebo: Pole mkuu. Kwangu ilikuwa nafasi kati ya mistari ya maandishi. Barkodi yetu ni fonti tu, sasa mtu akabana mistari ili anwani ionekane kwenye kidirisha cha bahasha, vichwa vya vijiti vikakatwa. Vile vijiti 65 vina sura nne: kinachopanda na kushuka, kinachopanda tu, kinachoshuka tu, na kifupi cha katikati. Ukikata juu, cha kwanza kinageuka kinachoshuka, cha pili kinageuka kifupi. Hapo umeshaandika kitu kingine kabisa.

Kaunta Namba Tatu: Mimi ni supamaketi, Nairobi. Barkodi zetu za bidhaa habari iko kwenye unene wa mistari na mapengo, kimo ni cha kumsaidia keshia. Bosi akaona ni mapambo, akazishusha hadi milimita 8 lebo ya mkate ipate nafasi ya nembo. Zinasoma, ila lazima ulenge. Saa kumi na mbili jioni, foleni imefika mlangoni, keshia anazungusha mkate kama usukani.

Mtu wa Bahasha: 😂 Dada, ulitokaje?

Dada wa Lebo: Barkodi niliipa aya yake peke yake, nafasi ya kawaida. Kimo nikalenga katikati, 0.145, printa ikimega bado uko ndani. Usivute pembe ya picha kuikuza, upana nao una mpaka: inchi 3.225. Chapa bahasha moja, pima, ndipo umwage mzigo.

Mgeni wa Ankara: Samahani, hiyo 0.145 ni inchi? Programu yetu iko kwenye sentimita, nimeiingiza hivyohivyo. Barkodi imetoka kama kope.