504 ya Njoro au Datsun 1200 ya Kisumu? Nishaurini kabla sijatoa pesa

Kijana_wa_Shabab
Habari zenu wadau. Nataka pikapu ya zamani niifufue, niiwekee na vitu vya kisasa kidogo. Nimepata mbili. Ya kwanza ni Peugeot 504 iko Njoro, imesimama chini ya mti kwenye shamba la watu. Ya pili ni Datsun 1200 iko Kisumu, hiyo inawaka na inatembea. Bei zinakaribiana. Mwenye Datsun anataka jibu wiki hii. Nichukue gani?

Mzee_wa_Spana
Kijana, umetuletea nusu ya habari. 504 ni ya petroli au dizeli? Imesimama muda gani? Injini inazunguka au imeshika? Umelala chini ukaitazama sakafu? Na hivyo vitu vya kisasa ni redio au ni injini nyingine? Bajeti je? Bila hayo hapa tutapiga ramli tu.

Njoro_Juu
504, hakuna cha kufikiria. Baba yangu alibeba viazi vya Mau Narok na hiyo gari mpaka sisi wote tukamaliza shule. Ile injini ya petroli ina slivu za kutoa, yaani ile mirija ambamo pistoni zinacheza. Zikiisha unanunua seti ya slivu na pistoni unapachika, huendi kuchongesha bloki. Na msisahau ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978. Datsun 1200 ilishinda nini?

Dada_Dizeli
Njoro_Juu, iliyoshinda 1975 ni saloon, na ya 1978 ilikuwa coupe, gari la milango miwili, yenye injini ya V6. Pikapu haikushinda chochote. Hata nyuma hazifanani: saloon ina koili na kila gurudumu linacheza peke yake, pikapu ina ekseli moja ngumu juu ya springi za vipande. Usimuuzie kijana kombe lisilo lake. Tena kama ni vikombe, Datsun walichukua 1970, 1971, 1973, halafu dereva wao Shekhar Mehta akabeba minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Njoro_Juu
Na hakuna hata kimoja kilicholetwa na 1200 😂

Kibuye_Spea
Tuache rally. Datsun 1200 ni nyepesi, injini yake A12 ni ndogo, 1171 cc, na ukifungua boneti unaona mpaka chini. Fundi yeyote wa jua kali ataielewa. Ukitaka nguvu, tafuta injini ya A15 ya Nissan Vanette ya zamani, ni ukoo mmoja, kazi ya kuiingiza si kubwa. Toa pointi za kuwashia cheche uweke za elektroniki. Breki za mbele nyingi zilikuja dramu, badilisha uweke diski za Sunny ya baadaye. Ukifunga na mikanda ya kiti, hapo umeshaifanya ya kisasa. Asikudanganye mtu uweke pawa stering, lile gari unaligeuza kwa kidole.

Kijana_wa_Shabab
Asanteni. 504 ni petroli. Imesimama miaka mingi, sijui mingapi, kuku wanalala ndani. Injini sijajaribu kuizungusha. Kuna fundi ameniambia nisihangaike nayo, nitoe niweke 5L, injini ya dizeli ya Toyota Hiace, ndiyo ya kisasa niliyokuwa nikisema.

Mlima_Timboroa
Kuhusu 5L niulizeni mimi. Nilikuwa na Hilux ya miaka ya sabini, petroli, injini yake ya 18R imechoka. Gereji moja hapa Nakuru, jina nitaliacha, wakaniambia 5L itaingia bila shida. Kuingia iliingia. Walichomelea vishikio vipya vya injini, wakaacha rediata ileile ya zamani. Nikipanda Mau Summit mshale wa joto unalala kwenye nyekundu, nasimama kando, malori ya mafuta yananipita. Hilo ningelivumilia.

Kilichonitisha ni breki. Injini ya petroli inavuta hewa kwenye manifoldi, na busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inaishi kwa ule mvuto. Dizeli kama 5L haina mvuto huo, ndiyo maana altaneta yake inakuja na pampu ndogo ya vakyumu mgongoni. Hao jamaa walifunga altaneta ya kawaida, na ule mpira wa busta wakauziba kwa boliti. Siku hiyo nashuka kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil, nyuma nimebeba mabati. Nakanyaga pedali, ni kama nakanyaga jiwe. Nikarudisha gia ya pili, nikavuta handibreki, gari likaegemea tuta nje ya barabara, trekta za miwa zinapita na madereva wananipungia mkono. Niliporudi gereji nikaambiwa eti gari za zamani breki zake ndivyo zilivyo! Fundi mwingine Kisumu alifungua boneti, akaiona ile boliti, akaita wenzake waje waone.

Na bado sijasema bodi. Chini ya rangi mpya kulikuwa na puti ya kuzibia mashimo, nene hivi kwamba sumaku ilikuwa haishiki mlangoni. Pesa niliyomwaga pale ingeninunulia Probox na chenji ikabaki.

Dada_Dizeli
Pole sana. Lakini hapo shida ni fundi, dizeli haina kosa. Na kwa 504 huhitaji mambo ya Hiace, Peugeot walikuwa na dizeli yao ya 2304 cc iliyokuja kwenye gari hilohilo. Inapanda Timboroa polepole, ila inapanda.

Njoro_Juu
504 ukiitoa injini yake umebaki na kreti ya kuku. Samahani, lakini ndivyo.

Mzee_wa_Spana
Ukibadilisha injini, namba ya injini kwenye logibuku, ile hati ya umiliki, nayo ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, na gari likaguliwe. Wengi wanaruka hapo, halafu wanashikwa siku ya kuuza. Tukiwa hapo, kijana, logibuku za hizi gari ziko kwa jina la nani?

Kijana_wa_Shabab
Datsun iko kwa jina la anayeuza. 504 iko kwa jina la mzee mwenye shamba, alishafariki. Vijana wake ndio wanauza.

Mzee_wa_Spana
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Hiyo ni mali ya marehemu. Wamefungua mirathi? Kama hawana barua za usimamizi kutoka kortini, hakuna mwenye mamlaka ya kukuhamishia.

Njoro_Juu
Si waende kwa chifu waandike makubaliano, mashahidi waweke sahihi? Huku watu wanauziana hivyo kila siku.

Mzee_wa_Spana
Barua ya chifu ni ya kuanzia kesi ya mirathi, haihamishi gari. Utaitengeneza, upige rangi, ing'ae, kisha atokee binti yao wa Mombasa aseme hakuambiwa. Utarudisha gari la watu likiwa zuri.

Kibuye_Spea
Nilisema Datsun.

Mlima_Timboroa
Datsun nayo usiilipie kabla hujabeba sumaku. Hewa ya ziwa na ile mvua ya Kisumu, kutu iko. Angalia chini ya betri na nyuma ya magurudumu.

Dada_Dizeli
Na bajeti bado hajasema 🤔

Kijana_wa_Shabab
Bajeti itategemea gari. Nitaenda Kisumu Jumamosi. Vijana wa Njoro nimewauliza mambo ya korti, wamesema wataongea na mama yao. Kuna mtu anajua raba ya kioo cha mbele cha 504 inapatikana wapi, just in case?

Kibuye_Spea
Nairobi, Kirinyaga Road, uliza taratibu. Nenda na kipande cha ile ya zamani, watakuuzia ya gari lingine ukiwa unaangalia.

Mume_wa_Mumias
Samahani kwa kuingilia, nina pikapu ya zamani, Toyota Stout, hapa Mumias, kebini nzima, haina injini, logibuku ipo kwa jina langu. Mwenye nia anitumie ujumbe.

Njoro_Juu
Hiyo Stout difu yake, zile gia za ekseli ya nyuma, iko? Weka picha ya nyuma, na kitanda pia.