Majibu ya Juma yametoka

*Kikundi: Ukoo wa Bi Mwanaidi*

Juma: Asalaam aleikum. Majibu ya vipimo vya kumpa Mama figo yametoka. HLA, zile alama za kinga ya mwili, nimefanana na Mama 3 kati ya 6. Ile krosimachi, ya kuona kama damu yake itanikataa, imetoka chanya.

Mjomba Bakari: Alhamdulillah! 🙏🏾

Rehema Maabara: Shikamoo mjomba. Chanya hapo ni habari mbaya. Wamechanganya maji ya damu ya mama mkubwa na chembe nyeupe za Juma, zikashambuliwa. Akiwekewa figo hiyo inaweza kuharibika ndani ya saa chache.

Mjomba Bakari: Marahaba. Lahaula...

Salma: Jamani si kamzaa mwenyewe?? Mwili unamkataaje mtoto wake

Rehema Maabara: Kumzaa ndiko kulikoleta. Juma nusu kachukua kwa mama, nusu kwa baba. Hiyo ya baba ni ngeni kwa mama mkubwa, na mimba tano zote zimempitishia ugeni huo. Mwili ukatengeneza kingamwili, bado zimo.

Baba Juma: Kumbe mchawi ni mimi 😂

Rehema Maabara: Baba mkubwa wewe ulishatolewa mapema, kundi la damu B. Mama mkubwa ni O, anapokea figo ya O tu. Hamisi naye B, nje.

Mama Rehema: Mimi naogopa kitu kimoja. Hivyo vipimo vya vinasaba visije vikaanza kutuambia nani baba wa nani. Ukoo huu naujua

Hamisi: 😂😂😂 mama mdogo unamlenga nani

Rehema Maabara: Mama jamani 🙈 Wanaangalia vinasaba vya kinga tu, na baba mkubwa hata hakupimwa HLA.

Mama Rehema: Basi si bora apelekwe India tu?

Hamisi: Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, Benjamin Mkapa pale Dodoma tangu 2018. Na huko India kingamwili atakwenda nazo.

Salma: Mimi ni O. Nikapime?

Rehema Maabara: Kapime. Baba ana pande mbili za vinasaba hivyo, kila mtoto anapewa mmoja. Huenda wewe ulipata ule ambao Juma hana. Ila ningeanza na mjomba.

Mjomba Bakari: Mimi nami niliambiwa 3 kati ya 6, sawasawa na Juma. Tofauti iko wapi?

Rehema Maabara: Nusu yako nyingine umeitoa kwa babu na bibi, haimo kwa Baba Juma. Dada yako hajawahi kuibebea mimba. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, robo wanafanana kote, robo hawafanani kabisa, waliobaki ni nusu kama nyie. Mimi hizo namba hazinisumbui sana, dawa za siku hizi zinastahimili tofauti, ndiyo maana hata mke humpa mume figo. Kinachoniogopesha ni kingamwili ambazo tayari zipo.

Mjomba Bakari: Basi Alhamisi nakwenda kutoa damu ya krosimachi.

Baba Juma: Allah akulipe shemeji.

Juma: Rehema, juzi kwenye kusafishwa damu walimwongezea Mama chupa mbili za damu. Ina shida?

Rehema Maabara: Damu ya watu nayo huamsha kingamwili! Daktari wa upandikizaji anajua?

Juma: Sidhani.

Rehema Maabara: Mwambie leo, na tarehe umtajie. Sampuli ya mama mkubwa iliyotolewa kabla ya hapo haitoshi, watachukua mpya, na karibu na upasuaji watarudia tena.

Juma: Nampigia sasa hivi.