Tuliopo Marekani: mgahawa wa soul food uliokupokea asubuhi, tupeane uzoefu

Mlinzi wa Zamu:
Wakuu, salamu. Naomba tuongelee vile vijimgahawa vya soul food, yaani mapishi ya asili ya Wamarekani weusi, vinavyofungua alfajiri. Kaunta ndefu, kahawa haikauki kikombeni.

Mimi nipo Washington, nahudumia wazee shifti ya usiku. Natoka saa moja asubuhi nikiwa sina hamu ya kuongea na mtu. Siku moja baridi ilinizidi nikaingia Florida Avenue Grill, ipo tangu 1944. Sikujua niagize nini. Mama wa kaunta akaniangalia tu, akaniletea mayai, grits na biskuti zao, ambazo ni vimkate laini vya moto vya kupaka siagi. Hizo grits ni uji mzito wa mahindi meupe, basi nikamwagia sukari kama nilivyolelewa. Kaunta nzima ikageuka! Mzee mmoja akasema hapa tunatia chumvi na siagi. Jirani yake akamkatalia, eti bibi yake alitia sukari maisha yake yote. Wakabishana weee, mimi nipo katikati nakula. Tangu nihamie huku hakuna aliyewahi kujali nimekula nini. Siku hizi nikipotea kidogo yule mama ananisomea: ulikuwa wapi, na unakula vizuri?

Njeri_ATL:
Atlanta hapa. Kilichonimaliza ni collard, yaani sukuma wiki, ila wao wanaichemsha masaa hadi inalegea kabisa. Mamangu angelia. Lakini ule mchuzi wake ukichovya mkate wa mahindi, wacha tu! Wageni wakija nawapeleka Paschal's, ya ndugu wawili, James na Robert Paschal, walioianza 1947. Akina Martin Luther King walikuwa wakikutana hapo kupanga mambo yao. Asubuhi za kawaida naenda kwingine mtaani kwangu, na jina sitaji, msije mkanijazia foleni.

Pemba Asilia:
Waislamu wenzangu, tahadhari: majani na maharage mengi hupikwa na nguruwe wa moshi hata kama humuoni. Mimi niliuliza kwa aibu, kumbe kijana wa jikoni naye Muislamu, mzaliwa wa hapa hapa Philadelphia. Sasa ananitengea majani yaliyopikwa na bata mzinga. Pale hufunga saa tisa mchana, lakini Ramadhani alinifungia chakula nikafuturu nacho nyumbani. Pesa alikataa katakata.

Mtoto wa Bukavu:
Niko Chicago, upande wa kusini. Nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikidhani mgeni ni mimi peke yangu. Babu mmoja pale kaunta akanieleza baba yake alikuja na treni kutoka Mississippi, katika ule uhamaji wa 1910 hadi 1970, weusi kama milioni 6 walipoiacha kusini kwa sababu ya ubaguzi na mashamba ya pamba yasiyowalipa. Mjini walikuta baridi na vyumba vya kubanana, wakaendelea kupika cha kwao. Halafu akanisogezea kambale wa kukaanga. Kambale, asubuhi! Kwetu tulimla na bugali. Nilishindwa kusema kitu, babu naye akaendelea na gazeti lake.

Dokta Kiazi:
Yote sawa, ila chumvi na mafuta vile, presha itawamaliza. Mimi ni Jumamosi tu, na nyama ya nguruwe siigusi.

Tabata Kimanga:
Nyie endeleeni na baridi yenu, mie nipo kwenye supu ya makongoro na chapati mbili.

Mgeni Dallas:
Nimefika juzi juzi. Sehemu kama hizo nazipataje?

Mlinzi wa Zamu:
@Mgeni Dallas muulize kinyozi, atakuelekeza bila kufikiri. Usiende Jumapili watu wakitoka kanisani, foleni inafika barabarani. Nenda asubuhi ya katikati ya wiki, kaa kaunta, simu weka mfukoni. Bakshishi usisahau, wahudumu huku wanaitegemea kuliko mshahara. Halafu urudi utuambie kama ulitia sukari.