Naombeni msaada: asidi dhaifu ndani ya besi, ile H⁺ inaenda wapi?

Mleta uzi: Wakuu habari za jioni, niko form six PCB, naomba msaada kwa anayeijua kemia vizuri. Kwenye noti asidi ya siki imeandikwa CH₃COOH ⇌ CH₃COO⁻ + H⁺, sasa kuna swali la titresheni na NaOH, majibu yake hayana H⁺ kabisa, kuna OH⁻ kushoto na maji kulia. Zote naona zimebalansi ila sijui naandika ipi lini, na mshale uwe wa pande mbili au mmoja? Praktiko imekaribia jamani

Mchangiaji 1: Dogo angalia kwanza uko kwenye nini. Ndani ya besi OH⁻ zimejaa, H⁺ ikichomoka tu inadakwa inakuwa maji, kwa hiyo ukiiacha kulia unaandika kitu ambacho kwenye flaski karibu hakipo. Anza na hiyo ya noti, ongeza OH⁻ pande zote mbili, kulia H⁺ na OH⁻ ziunganishe ziwe H₂O, unapata
CH₃COOH + OH⁻ ⇌ CH₃COO⁻ + H₂O
Chaji −1 kushoto, −1 kulia. Na⁺ mtazamaji tu, iache nje.

Mchangiaji 2: Kuhusu mshale, gawa Ka (namba ya asidi inavyoachia H⁺) kwa Kw (namba ya maji yanavyojigawa kuwa H⁺ na OH⁻): 1.8×10⁻⁵ kwa 1.0×10⁻¹⁴ unapata K ya mlinganyo huo, 1.8×10⁹ kwenye nyuzi 25, yaani inaenda kulia karibu yote. Ukipiga hesabu za moli weka mshale mmoja, hamna shida. Ila wakiuliza pH pale asidi inapoisha usiandike 7!! CH₃COO⁻ inachukua H kidogo kwenye maji inaacha OH⁻, kama zote zilikuwa 0.1 M pH inakuja kama 8.7, ndo maana mnapewa kiashiria cha POP (phenolphthalein) na sio MO (methyl orange), MO inabadilika rangi kule 3 hadi 4 wakati asidi bado ipo kibao.

Mchangiaji 3: Na usihesabu H zote nne za asidi ya siki, tatu zimeshikwa na kaboni haziachii. Inayotoka ni ile ya kwenye oksijeni.

Mleta uzi: Asanteni sana wakuu, kwa hiyo oksaliki inakuwa H₂C₂O₄ + 2OH⁻ ⇌ C₂O₄²⁻ + 2H₂O?

Mchangiaji 1: Hiyo hiyo, chaji −2 kote. Moli moja ya oksaliki inakula mbili za NaOH, hapo wengi wanaanguka.